Meli Gani Umpeleke Mwenzako Safari Yake ya Kwanza? Piga Hesabu Kabla Hujatuma Pesa

Tangazo limekufikia kwenye simu usiku: usiku nne baharini, dola 299 kwa kila mtu, chakula kimo ndani ya bei, na picha ya bwawa la kuogelea juu kabisa ya meli huku jua likizama. Mwaka huu mnatimiza miaka kumi ya ndoa. Mwenzako hajawahi kupanda meli ya kitalii, na chombo pekee cha majini anachokijua ni feri ya Likoni. Wewe ushaanza kuwaza vile atashangaa.

Swali linalofuata huwa ni kampuni gani. Royal Caribbean? MSC? Carnival? Watu hulinganisha majina kama vile wanalinganisha simu, nani ana kamera nzuri na nani ana betri ya kudumu. Sisi tunaona hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Jina la kampuni lije mwisho. Kwanza mwangalie mtu unayempeleka, halafu pasipoti yake, halafu bei kamili mpaka mrudi nyumbani. Ukimaliza hayo matatu, kampuni zitakazobaki mezani ni mbili au moja, na kuchagua hakutakusumbua.

Unampeleka nani?

Kuna mtu ambaye likizo kwake ni muziki, watu wengi, mashindano kando ya bwawa na kucheza hadi saa nane za usiku. Kuna mwingine ambaye likizo ni kiti, kitabu na kutoulizwa kitu na mtu yeyote. Meli ya yule wa kwanza itamchosha huyu wa pili siku ya pili tu, na baharini huwezi kuita teksi mkarudi nyumbani.

Carnival, iliyoanza mwaka 1972, ilijijenga kwa jina la meli za raha: kelele kidogo, vichekesho, bei za kuvutia, safari fupi fupi. (Meli yake ya kwanza kabisa, Mardi Gras, ilikwama kwenye mchanga karibu na Miami katika safari yake ya kwanza. Kampuni ikapona na kuwa miongoni mwa kubwa zaidi duniani.) Royal Caribbean wao wamependa ukubwa na michezo. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024, ina sitaha 20, bustani ya maji yenye mitelezo, na inaweza kubeba zaidi ya abiria 7,000. Huo ni mji mdogo unaoelea. Kama mnasafiri na watoto, watoto hawatawaona siku nzima, na hilo nalo ni likizo.

Norwegian walijulikana tangu mwaka 2000 kwa kuondoa mambo ya kula kwa saa maalum kwenye meza maalum: mnakula mnapotaka, na hamlazimiki kuvaa suti. Kwa mume anayechukia tai, hiyo si kitu kidogo. Celebrity, Princess na Holland America wana utulivu zaidi, na mara nyingi abiria wao ni watu wazima kidogo. Viking hawapokei mtu wa chini ya miaka 18 na hawana kasino, lakini bei yao si ya kujaribia.

MSC unawajua hata kama hujui kwamba unawajua. Zile herufi tatu kwenye makontena yanayopanda Mombasa Road juu ya malori ni za kundi hilo hilo, lililoanza mwaka 1970 kwa kubeba mizigo. Meli zao za abiria zina sura ya Ulaya: matangazo hutolewa kwa lugha kadhaa, chakula cha jioni kina mkono wa Kitaliano, na wageni ni mchanganyiko wa mataifa. Mwenzako akipenda kusikiliza na kutazama watu, atafurahi. Akitaka kila kitu aelezwe mara moja kwa Kiingereza, anaweza kuchoka.

Kwa safari ya kwanza ya mtu mpole, sisi tungeacha ile meli kubwa kuliko zote hata kama ndiyo inayozungumziwa na kila mtu. Meli ya ukubwa wa kati, usiku tatu hadi tano, inatosha kabisa kujua kama maisha ya baharini yanamfaa. Wiki nzima kwa mara ya kwanza ni kamari ya pesa nyingi.

Halafu kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi. Wakenya wengi wanaogopa maji, na wana sababu. Mtu aliyekulia Pwani anakumbuka Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua zaidi ya watu 250. Mtu wa bara pengine hakufundishwa kuogelea kabisa. Usimwambie mwenzako "acha uoga". Mweleze meli hizi zinavyofanya kazi. Zina mapezi makubwa pembeni, chini ya maji, ya kupunguza kuyumba. Abiria hufanya zoezi la dharura, wanaonyeshwa watakapokutana na jinsi ya kuvaa jaketi la kuokolea. Baada ya Costa Concordia kupinduka karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012 na kuua watu 32, sheria za kimataifa ziliimarishwa ili zoezi hilo lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mkifika, lifanyeni pamoja kwa makini, msilipuuze ati mko likizo.

Chumba nacho kinachangia sana. Katikati ya meli, sitaha za chini, ndipo mahali pa kuyumba kidogo zaidi. Chumba cha ndani kisicho na dirisha ni cha bei nafuu, lakini ukizima taa ni giza totoro, hujui kama ni asubuhi ama usiku wa manane. Kwa mtu mwenye wasiwasi, afadhali chumba chenye dirisha cha sitaha ya chini kuliko cha balkoni juu kabisa mbele ya meli. Tunasema hivyo tukijua balkoni ndiyo inayopendeza kwenye picha.

Na kama mwenzako hali nguruwe au anakula halali tu, ulizeni kampuni kabla ya kulipa, kisha mwombe wathibitishe kwa maandishi. Maombi ya chakula maalum hupelekwa mapema, si siku ya kupanda.

Pasipoti itakuchagulia zaidi ya unavyodhani

Hapa ndipo orodha inapungua haraka. Meli huingia nchi tatu au nne kwa wiki moja, na kila nchi ina sheria zake juu ya pasipoti ya Kenya. Kampuni ya meli haitakuombea visa. Mkifika bandarini bila karatasi sahihi, mtaachwa nje ya geti, na kwa kawaida hakuna kurudishiwa pesa.

Safari iliyo karibu zaidi kwetu ni ya Durban. Kwa miaka mingi MSC imekuwa ikileta meli Afrika Kusini majira ya joto ya kule, takriban Novemba hadi Machi au Aprili, na abiria hupandia kituo cha Nelson Mandela pale Durban kwenda pwani ya Msumbiji, sehemu kama Pomene na Kisiwa cha Wareno. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila visa kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Unabeba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Afrika Kusini hukitaka kwa wasafiri kutoka Kenya. Cheti hicho siku hizi hudumu maisha yote, kwa hivyo kama ulichanjwa zamani, kitafute kabla hujalipia kingine. Masharti ya Msumbiji yaulizwe kwa kampuni kwa maandishi kabla ya kulipa.

Mambo mawili kuhusu njia hiyo. Pomene hakuna gati la meli kubwa. Mnashushwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka, kushuka kunaahirishwa au kufutwa. Mwenye hofu ya maji ajue hilo mapema. Tena Januari hadi Machi ni msimu wa vimbunga katika mkondo wa Msumbiji, kwa hivyo bei nzuri ya Februari ina sababu yake. Pia meli haisubiri ndege. Kutoka Nairobi wengi hupitia Johannesburg, na ndege ikichelewa hapo, meli itang'oa nanga bila nyinyi. Fikeni Durban siku moja kabla, mlale, mle bunny chow, muingie melini na akili timamu.

Bahari ya Mediterania ni ya pili. Barcelona, Marseille, Genoa, Napoli, zote ziko ndani ya eneo la Schengen, kwa hivyo visa moja inatosha, na ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Lakini soma ratiba. Meli ikipita Tunisia au Uturuki halafu irudi Italia, mmetoka Schengen na mnaingia tena. Visa ya kuingia mara moja itakuwa imeisha. Ombeni ya kuingia mara nyingi na muambatanishe ratiba ya meli. Na bandari inayoitwa "Roma" kwenye tangazo ni Civitavecchia, ambayo iko zaidi ya kilomita 70 kutoka Roma yenyewe. Nauli ya kufika mjini iko juu yenu.

Safari za Karibi zinawahusu hasa wasomaji walio na mwenzi ughaibuni. Mume yuko Texas, mke yuko Eldoret, na wamekubaliana wakutane kwenye meli inayotoka Galveston kwenda Cozumel, Mexico. Carnival na Royal Caribbean zote huondokea pale. Mke atahitaji visa ya Marekani ya kuingia mara nyingi, maana meli inatoka na kurudi. Mwenye visa halali ya Marekani haombi visa ya Mexico tena. Lakini usilipe malipo yasiyorudishwa kabla visa haijagongwa kwenye pasipoti. Foleni za mahojiano hazijali siku yenu ya harusi.

Kuna vitu viwili vidogo ambavyo vimeharibu safari za watu. Jina kwenye tiketi lazima lifanane na pasipoti. Kama mke bado ana pasipoti ya jina la kwao, usimwandikie jina la mume kwa mapenzi. Na kama kuna ujauzito, kampuni kubwa hazipokei mama atakayefikisha wiki 24 wakati wowote wa safari. Wanandoa wapya, hesabuni wiki mpaka siku ya kushuka.

Dola 299 ni shilingi ngapi hasa?

Turudi kwa lile tangazo. Bei huandikwa kwa kila mtu, mkiwa wawili chumbani. Dola 299 mara mbili ni 598. Tuseme kodi na ada za bandari ni dola 130 kila mmoja: 260. Kampuni za Kimarekani huongeza bakshishi ya wahudumu ya kila siku, kwa kawaida kati ya dola 16 na 20 kwa mtu. Tukichukua 17, usiku nne, watu wawili, ni 136. Intaneti ya kifaa kimoja, tuseme dola 20 kwa siku: 80. Jumla 1,074. Hapo hamjapanda ndege, hamjalala hoteli, hamjalipia visa wala matembezi ya bandarini.

Kisha vinywaji. Maji ya kawaida, chai na juisi za asubuhi kwa kawaida ni bure, lakini soda na pombe hulipiwa. Kifurushi cha pombe kinaweza kufika dola 70 kwa siku au zaidi. Kwenye Carnival na Royal Caribbean, mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wengine wa chumba hicho nao wanatakiwa kununua. Mume anakunywa, mke haonji hata divai ya kanisani: usiku nne kwa dola 70 mara mbili ni 560, karibu sawa na nauli yenyewe. Norwegian hukuambia vinywaji vimo ndani ya ofa, ila ada ya huduma ya kifurushi unalipa. Kama mmoja wenu hanywi, mara nyingi ni nafuu kulipia bia moja moja.

Kwa hivyo usilinganishe nauli na nauli. Chukua kampuni mbili zilizobaki, andika jumla ya kila moja kwenye karatasi, na uone. Tumeona meli "ghali" ikitoka nafuu kwa sababu bakshishi na vinywaji vilikuwa tayari ndani.

Na shilingi haitulii. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikarudi karibu 129. Zile dola 1,074 ni KSh 138,546 kwa 129, na KSh 171,840 kwa 160. Tofauti ni zaidi ya elfu thelathini na tatu, na hujaongeza hata glasi ya soda. Unapoweka akiba, weka na kinga ya mabadiliko ya bei ya dola. Kukopa kwenye simu kumalizia safari ya meli hatushauri hata kidogo. Ada za mkopo wa muda mfupi zitakufuata hadi baada ya Pasaka.

Kulipa bila kulia

Kampuni nyingi huchukua malipo ya awali kwanza, kisha salio lote hudaiwa takriban siku 75 hadi 120 kabla ya kuondoka, kutegemea kampuni na urefu wa safari. Kuanzia hapo adhabu ya kufuta hupanda hatua kwa hatua hadi unapoteza zote. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu, na ianze kukukumbusha wiki mbili kabla.

Ukilipa kupitia wakala wa hapa nyumbani, hakikisha ana leseni ya Tourism Regulatory Authority. Uanachama wa chama cha mawakala wa usafiri, KATA, ni dalili nzuri pia. Lipa kwa Paybill au Till yenye jina la kampuni, na usome jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Wakala akikuambia "tuma kwa hii namba yangu, Paybill ina shida leo", subiri hiyo shida iishe. Pesa iliyotumwa kwa namba ya mtu binafsi ni ngumu kuirudisha akishaitoa. Kisha omba namba ya uhifadhi ya kampuni ya meli yenyewe na uiingize kwenye tovuti yao. Jina lako na la mwenzako yakitokea, chumba chenu kipo.

Tangu Agosti 2023, Benki Kuu imeruhusu muamala mmoja wa hadi KSh 250,000 na salio la hadi KSh 500,000 kwenye akaunti ya simu. Kwa wengi hiyo inatosha kulipa salio kwa awamu moja au mbili. Usingoje siku ya mwisho saa tano usiku.

Ndani ya meli hakuna pesa taslimu mkononi. Mnapewa kadi ya chumba, kila kinywaji kinaandikwa, na mwisho mnalipa bili moja. Ili kufungua akaunti hiyo huombwa kadi ya benki au ya mkopo. Ukiweka kadi ya kawaida ya benki, kampuni huweza kuzuia kiasi fulani kila siku kama dhamana, na pesa hiyo iliyozuiwa inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa hata baada ya bili kulipwa. Ukiwa na salio la kubana, utajikuta uwanja wa ndege na kadi isiyonunua hata maji. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu ni nzuri kwa kulipia tiketi, lakini usiitegemee pale mezani melini, kwa sababu wanaweza kutaka kadi ya kushikika. Kampuni nyingi hukubali dhamana ya pesa taslimu za dola badala yake. Uliza kiasi na ubebe.

Kabla hamjaondoka bandarini, weka simu kwenye hali ya ndege, kisha uwashe Wi-Fi pekee. Mtandao wa simu wa baharini hupitia setilaiti na bei yake inaweza kushinda ya chakula cha jioni. Kumbuka pia kwamba ile OTP ya kuthibitisha malipo huja kwa SMS kwenye laini yako ya Kenya, na kwenye hali ya ndege haitafika. Kwa hivyo malipo ya nyumbani, karo, kodi ya nyumba, mshahara wa mtu wa kazi, yamalizeni kabla ya kupanda. PIN yako usimwachie mtu "akusaidie mkiwa baharini".

Usiku wa mwisho, kabla ya kulala, omba nakala ya bili yenu kwenye dawati la wageni au uifungue kwenye programu ya meli. Pitieni mstari kwa mstari wakati wahudumu bado wapo. Asubuhi ya kushuka foleni ya dawati hilo huwa ndefu, na watu wa nyuma yenu wana ndege ya kuwahi.